Kikaza Cheni na Kifo cha Injini ya Pikipiki

Injini ya pikipiki inapozima barabarani na kukataa kabisa kuwaka, maelezo yanayotolewa kijiweni ni kwamba imenoki ghafla, na kwa maelezo hayo lawama huangukia bahati mbaya, kiwanda kilichoiunda au muuzaji wa spea. Makala haya yanahusu aina moja tu ya kifo hicho, ile inayosababishwa na kulika kwa cheni ya taimingi pamoja na kifaa kinachoikaza, na hoja yake ni kwamba kifo hicho hakina ughafla wowote, kwa sababu huandaliwa kwa muda mrefu na hutoa sauti kabla ya kufika. Huonekana kuwa cha ghafla kwa kuwa kikaza cheni, kilichowekwa ndani ya injini ili kufidia ulikaji, huufidia vizuri kiasi cha kuuficha, hadi siku ambayo hakina tena nafasi ya kusogea.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ielezwe kazi ya cheni yenyewe. Injini ya mipigo minne, ambayo ndiyo inayobeba biashara ya bodaboda, hufanya kazi kwa hatua nne: huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huugandamiza, huulipua, kisha hutoa moshi. Katika hatua hizo nne krankishafti, yaani mhimili wa chini unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, huzunguka mara mbili. Juu ya silinda kuna valvu, ambazo ni milango midogo ya chuma, moja ya kuingiza mchanganyiko na nyingine ya kutolea moshi, na kila moja hufunguka mara moja tu katika mizunguko hiyo miwili. Kinachozifungua ni kamshafti, mhimili mwembamba wenye nundu ambazo kila zinapopita husukuma roka, yaani mkono mfupi unaobonyeza mkia wa valvu. Kwa hiyo kamshafti inapaswa kuzunguka kwa nusu kamili ya mwendo wa krankishafti, na uwiano huo hupatikana kwa kuipa sproketi ya juu meno mara mbili ya yale ya sproketi ya chini, kisha kuziunganisha kwa cheni nyembamba inayopita katika mfereji ulioachwa ubavuni mwa silinda. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 3,000, na kila valvu hufunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde. Katika mwendo huo pistoni na valvu hupishana kwa nafasi ndogo sana, na katika injini nyingi kinachozizuia zisigongane ni cheni hiyo peke yake.

Mafundi husema cheni imerefuka, na kauli hiyo ni sahihi kwa kipimo ingawa chuma chenyewe hakijavutika. Kinacholika ni viungio. Kila pingili ya cheni hushikwa na mwenzake kwa pini inayocheza ndani ya tundu au bushi yake, na kila mara cheni inapojikunja kuizunguka sproketi, pini husuguana na kuta za tundu hilo na kuondoa chuma kidogo kisichoonekana kwa macho. Ukichukuliwa mfano wa cheni yenye milimita 6.35 kati ya pini na pini, kipimo kinachotumika sana katika injini ndogo, na ikadhaniwa kwamba ina pingili 90, basi kulika kwa milimita 0.05 katika kila kiungio, unene usiofikia ule wa karatasi ya daftari, huifanya cheni nzima irefuke kwa milimita 4.5. Upande unaovutwa, ambao huenda ukawa na pingili 30 hivi, utakuwa umeongezeka milimita 1.5, na kwa sproketi ya juu yenye meno 32 ongezeko hilo huichelewesha kamshafti kwa zaidi ya nyuzi mbili na nusu, sawa na zaidi ya nyuzi tano za mzunguko wa krankishafti. Valvu ya kuingiza hufungwa kwa kuchelewa, sehemu ya mchanganyiko uliokwisha kuvutwa hurudishwa nje kabla ya kugandamizwa, na pikipiki huanza kukosa nguvu mlimani na kuwaka kwa shida asubuhi. Katika hatua hii dereva hununua plagi mpya na fundi husafisha kabureta, na kwa kuwa kazi hizo mbili huleta nafuu kidogo katika injini yoyote iliyochakaa, wote wawili huridhika na safari huendelea.

Katika injini nyingi za silinda moja, krankishafti huzunguka kuelekea mbele sawasawa na magurudumu, hivyo upande wa mbele wa cheni ndio unaovutwa na kukaza, na upande wa nyuma ndio unaolegea. Upande wa mbele hutelezea juu ya mwongozo usiosogea. Wa nyuma huegemewa na ulimi mrefu uliopinda, ambao uso wake ni wa mpira au plastiki ngumu na ambao umeshikwa chini tu ili juu uweze kusogea. Kinachousukuma ulimi huo dhidi ya cheni ni kikaza, ambacho gerejini hujulikana zaidi kwa jina la tenshena, nacho hufungwa kwa boliti mbili nyuma ya silinda, chini ya kabureta. Kazi yake haihusu ulikaji peke yake, kwa sababu silinda ya aluminiamu hupanuka inapopata joto, na kwa umbali wa milimita 150 kati ya mihimili miwili, ongezeko la nyuzi joto 100 huurefusha umbali huo kwa takriban theluthi moja ya milimita, huku cheni ya chuma ikipanuka kwa karibu nusu ya kiasi hicho. Cheni isiyo na kikaza ingekuwa imelegea asubuhi na imebana mchana, au ingelazimu kufungwa kwa ulegevu wa kudumu, na ndiyo maana hakuna mbunifu makini anayeiacha bila kifaa cha aina hii.

Vikaza vya zamani vilikuwa vya mkono. Boliti yenye nati ya kufungia ilikazwa na fundi kwa kufuata kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha matengenezo, na aliyesahau alilipa kwa kelele. Baadaye vilikuja vile ambavyo nati hulegezwa, springi husukuma yenyewe, kisha nati hukazwa tena. Vinavyotawala sasa katika pikipiki ndogo ni vya kujiendesha, ambavyo springi husukuma fimbo iliyochongwa meno ya upande mmoja, na kijino kidogo cha kuzuia huiruhusu fimbo kwenda mbele na kuikataza kurudi nyuma. Vipo pia vinavyotumia springi iliyoviringwa inayozungusha skrubu, na katika injini kubwa zaidi vipo vinavyosukumwa na mgandamizo wa oili. Kwa upande wa ufundi mabadiliko hayo ni maendeleo ya kweli, kwani cheni hubaki na ukazo unaofaa kila wakati bila kumtegemea mtu. Lakini yamemwondolea mwenye pikipiki taarifa pamoja na kazi, kwa sababu aliyekuwa akikaza boliti kwa mkono aliona kila mara jinsi ilivyozidi kuingia ndani, na alijua kwamba boliti iliyofika mwisho ina maana ya cheni iliyokwisha, ilhali fimbo ya kikaza cha kujiendesha husogea jino baada ya jino ndani ya nyumba yake iliyofungwa na haimwonyeshi mtu yeyote imefika wapi.

Fimbo hiyo ina mwisho. Inapofika kwenye jino lake la mwisho, ulegevu wowote unaoongezeka haufidiwi tena, na cheni huanza kupiga kuta za mfereji wake, ikichonga aluminiamu na kuimwaga ndani ya oili. Yako pia mazingira ambayo fimbo haijafika mwisho lakini imepoteza uwezo wake, kwa sababu springi imechoka, au meno yamelika kiasi kwamba fimbo hurudi nyuma kila cheni inapoisukuma, au oili chafu imeganda ndani ya skrubu na kuizuia isizunguke. Wakati huohuo uso wa ulimi hulika, na vipande vyake vya plastiki au mpira huteremka chini ya injini hadi kwenye chujio la pampu ya oili. Hapo ndipo uharibifu hugeuka kuwa mzunguko unaojilisha wenyewe, kwani chujio lililozibwa hupunguza oili inayopanda juu, na kamshafti na roka, ambazo ziko mbali zaidi na pampu, ndizo za kwanza kukauka, huku cheni iliyokosa oili ikilika kwa kasi kuliko awali. Injini kadhaa zinazosemekana kufa kwa kukosa oili, ingawa kipimo kilionyesha kwamba oili ipo, zilikufa kwa njia hii.

Njia ya pili ambayo injini hufa ni cheni kuruka jino. Ulegevu ukizidi, cheni huweza kuinuka juu ya meno ya sproketi na kuteremkia jino linalofuata, hasa pale nguvu ndani yake inapogeuka upande kwa ghafla, kama wakati kiki inaporudisha mguu, wakati dereva anapoachia mafuta kwa nguvu akiwa kwenye mteremko, au wakati pikipiki iliyoachwa ndani ya gia inapoviringika kurudi nyuma na kuizungusha injini kinyume. Kwa sproketi ya meno 32, jino moja ni nyuzi 11.25 za kamshafti, yaani nyuzi 22.5 za krankishafti. Jino moja kwa kawaida huacha injini ikiwa dhaifu, ikipiga mshindo kwenye ekzosi au ikikataa kuwaka. Mawili au matatu huikutanisha pistoni na valvu iliyo wazi. Valvu iliyopinda haifungi tena, kompresheni hupotea, na hasara huishia kwenye silinda hedi. Lakini kichwa cha valvu kikikatika na kudondoka ndani, pistoni hutobolewa, kuta za silinda huchanwa, na konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, huweza kupinda. Fundi anayeifungua injini ya namna hiyo hukuta pistoni iliyovunjika na huandika pistoni kuwa chanzo, ingawa pistoni ilikuwa kitu cha mwisho katika mfuatano ulioanzia kwenye pini ya cheni.

Mfano wa tatizo hili unaojulikana zaidi duniani unatoka mbali na vijiwe vya bodaboda. Kampuni ya Marekani ya Harley-Davidson ilileta injini yake ya Twin Cam 88 katika pikipiki za mwaka 1999, ikiwa na ujazo wa takriban sentimita za ujazo 1,450 na kamshafti mbili zilizowekwa chini, karibu na krankishafti. Injini iliyoitangulia iliendesha kamshafti yake kwa gia, lakini hii mpya ilitumia cheni mbili fupi, moja kutoka krankishafti hadi kamshafti ya nyuma na nyingine kati ya kamshafti zenyewe, na kila cheni ilibanwa na kiatu cha plastiki kilichosukumwa na springi. Cheni hizo zilikuwa za mabamba yaliyopangwa pamoja, aina inayopendwa kwa utulivu wake, ila kingo za mabamba ziliparua viatu vya plastiki ambavyo springi ilivikandamiza bila kupumzika. Katika pikipiki nyingi viatu vililika hadi chuma kikafikiwa, chembe zikaingia katika pampu ya oili, na wenye pikipiki wakalazimika kujifunza kufungua kava la kamshafti kukagua kitu ambacho hakikuwa na dalili yoyote ya nje. Kampuni ilibadili ubunifu huo katika familia ya Dyna ya mwaka 2006 na katika pikipiki zake nyingine zenye injini hiyo mwaka 2007, ikiweka cheni za rola na vikaza vinavyosukumwa na oili. Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni kwamba urefu wa cheni haukuwa tatizo, kwani zilikuwa fupi na zilifanya kazi katika mazingira yenye oili. Kilichoshindwa ni uchaguzi wa nguvu ya springi, umbo la cheni na uso wa plastiki, mambo matatu ambayo kila moja peke yake lilikuwa na sababu nzuri.

Mfano wa pili unaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, ingawa ulianzia Japani. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ya CG125 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi, hubebeshwa mizigo kupita kiasi, hupita katika vumbi na hukaa muda mrefu bila kubadilishiwa oili. Kampuni hiyo ilikuwa na injini nzuri ya ukubwa huohuo yenye kamshafti juu ya silinda, lakini injini ya aina hiyo inadai oili safi ifike juu kabisa na inadai cheni yake iangaliwe, na wahandisi waliona kwamba masharti hayo hayatimizwi. Hawakujaribu kuwabadili wateja. Waliirudisha kamshafti chini ndani ya sanduku la injini, wakaiendesha kwa gia, wakaipa nundu moja inayohudumia valvu zote mbili, na kuzifikia valvu hizo kwa pushirodi, yaani fito mbili nyembamba zinazopanda ubavuni mwa silinda. Cheni ya taimingi iliondolewa kabisa, na pamoja nayo kikaza, ulimi na mwongozo. Katika mwaka huohuo wa 1976 pikipiki hiyo ilianza kuundwa katika kiwanda cha Honda cha Manaus, Brazili, na baadaye viwanda vingi vya China vilichukua muundo wa injini yake, vikaukuza na kuuza pikipiki zilizofurika katika miji na vijiji vya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya biashara ya bodaboda ilijengwa juu ya uamuzi wa kuiondoa cheni.

Uamuzi huo haukuwa bila gharama. Pushirodi ni vitu vizito vinavyokwenda na kurudi, huzuia injini isizunguke kwa kasi kubwa, na nundu na vifuata-nundu vyake navyo hulika, ingawa ulikaji wao huishia kwenye kelele na upungufu wa nguvu bila ya pistoni kukutana na valvu. Kwa sababu ya ulaji wa mafuta, wepesi wa mwendo na masharti ya moshi, watengenezaji wengi wamebaki na kamshafti ya juu, na pikipiki za India ambazo leo zinaonekana katika kila kijiwe, kama Boxer 150 ya Bajaj na HLX ya TVS, ni za aina hiyo na zina cheni. Hata Honda yenyewe, ambayo mwaka 1986 iliipa pikipiki yake ya VFR750F gia za kuendeshea kamshafti baada ya kulaumiwa kwa kamshafti za injini iliyoitangulia, ilirudi kwenye cheni katika VFR800 ya mwaka 2002, kwani gia ni ghali, ni nzito na zina mlio wake. Cheni basi haiondoki, na mjadala wa kuitukana hauna faida.

Kilichobaki nyuma ni mazoea. Mafundi wengi walijifunzia katika injini za pushirodi, ambamo kelele ya juu karibu kila mara ni uwazi wa valvu, yaani nafasi ndogo inayoachwa kati ya roka na mkia wa valvu ili valvu ipate kufunga hata inapopanuka kwa joto. Tiba yake ni kuseti valvu, na mazoea hayo yalipohamishiwa kwenye injini ya cheni yalileta madhara, kwa sababu fundi anayesikia cheni na kudhani ni valvu hupunguza uwazi hadi kelele ipungue, na uwazi ukiisha valvu ya moshi haikai sawasawa kwenye kiti chake, joto lake halipati pa kutokea, na huungua. Mteja hulipia kazi ya kuseti valvu, kisha hulipia valvu, na cheni iliyokuwa ikilalamika tangu mwanzo hubaki palepale.

Sauti hizi zinaweza kutofautishwa na sikio lolote lililo tayari kusubiri. Uwazi wa valvu hulia tik-tik kwa mdundo ulio sawa, nusu ya mwendo wa injini, na husikika juu kabisa. Konrodi iliyolika hutoa mshindo mzito unaotoka chini na unaozidi injini inapobebeshwa mzigo. Cheni iliyolegea haina mdundo ulio sawa. Hukwaruza na kutetemeka ubavuni penye mfereji wake, husikika zaidi injini inapowaka ikiwa baridi, inapokuwa silensa, yaani ikizunguka polepole bila kuongezwa mafuta, na pale mafuta yanapoachiwa, na hupungua mzunguko unapopanda na kutulia kwa sababu cheni huwa imevutwa upande mmoja. Bisibisi ndefu iliyogusishwa kwenye mfereji na kuwekwa sikioni hutosha kuondoa shaka. Kwa kikaza cha oili, mkwaruzo wa sekunde chache asubuhi unaweza kuwa wa kawaida kwa kuwa oili ilikuwa imeshuka usiku, lakini kwa kikaza cha springi na meno hauna sababu ya kuwapo.

Kipimo cha kweli kiko ndani ya kikaza chenyewe. Pistoni ikiwekwa juu kabisa mwishoni mwa mgandamizo, na alama ya T iliyo kwenye sumaku, yaani gurudumu lililofungwa mwishoni mwa krankishafti, ikilingana na alama ya kwenye kava, kikaza hufunguliwa kwa kutoa kwanza boliti ndogo ya kati inayoshikilia springi, kisha zile mbili za mwili wake, na urefu wa fimbo iliyojitokeza husomwa kabla ya kuguswa. Fimbo iliyotoka robo ya safari yake ina maana ya cheni yenye maisha mbele, na fimbo iliyo kwenye jino la mwisho ina maana ya cheni iliyokwisha, hata kama injini bado ina sauti nzuri. Kuanzia wakati huo hadi kikaza kirudishwe, kiki haiguswi na injini haizungushwi, kwani cheni haina kinachoishikilia. Wakati wa kurudisha, kijino hubonyezwa na fimbo husukumwa ndani kabisa, mwili hufungwa, na springi huingizwa mwisho. Anayefunga kikaza huku fimbo ikiwa nje hulazimisha ulimi kwa nguvu ya boliti, na matokeo yake ni ulimi kupasuka au cheni kukazwa hadi iimbe, hali inayokula sproketi na sehemu zinazobeba kamshafti. Kabla ya kuwasha, krankishafti huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili kuelekea mbele na alama hukaguliwa upya.

Hapa inafaa kusemwa bila kificho kwamba kubadilisha kikaza peke yake, kazi inayofanywa kila siku, ni nusu ya matengenezo. Sababu ya kupendwa kwake inaeleweka: kikaza kimeshikwa na boliti mbili zilizo nje, ilhali cheni hudai kumwaga oili, kufungua kava la ubavuni na kutoa sumaku, na katika baadhi ya injini ulimi hudai zaidi ya hapo. Kikaza kipya chenye springi yenye nguvu hunyamazisha cheni iliyorefuka kwa muda, lakini hakirudishi nyuzi ambazo kamshafti imechelewa wala hakijazi pini zilizolika, na fimbo yake huanza maisha ikiwa karibu na jino la mwisho. Ubaya zaidi ni wa wale wanaovuta springi ya zamani ili irefuke au kuweka washa nyuma yake, kwa maana nguvu inayoongezwa hivyo hulipwa na uso wa ulimi. Cheni, ulimi na kikaza hubadilishwa pamoja, na sproketi ambazo meno yake yamepinda hubadilishwa nazo.

Chanzo cha yote, hata hivyo, ni oili, na suala la oili si la kiufundi pekee. Injini hizi ndogo hubeba takriban lita moja, na lita hiyohiyo huhudumia pistoni, cheni, gia na klachi, ikipokea vumbi lililopita katika filta ya hewa iliyochoka, petroli isiyoungua na unga wa sahani za klachi. Nyingi zina chujio la waya tu badala ya filta ya karatasi, hivyo chembe laini, ambazo ndizo zinazosaga pini za cheni, huendelea kuzunguka. Pikipiki inayokwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha 3,000 katika siku 30, umbali ambao mwenye pikipiki ya nyumbani huutimiza kwa muda mrefu zaidi, na kalenda ya oili iliyopangwa kwa miezi haina maana kwa pikipiki hiyo ya kazi. Dereva anayepeleka hesabu ya siku kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, kila jioni hana sababu ya kutosha ya kutumia fedha yake kwa ajili ya injini isiyo yake, na tajiri asiyepanda pikipiki hasikii kelele, hivyo mkwaruzo wa cheni huwa hauna mwenyewe. Chini ya mkataba, ambapo dereva hulipa hadi pikipiki iwe yake, hali hubadilika kuelekea mwisho wa malipo, na mara nyingi huwa imechelewa, kwa kuwa anachokabidhiwa siku hiyo ni injini ambayo fimbo ya kikaza chake imekwisha kufika mwisho.

Kwa hiyo tajiri na dereva wanaoandikiana makubaliano wanashauriwa kuingiza ndani yake mambo mawili yanayopimika: oili ibadilishwe kwa kilomita zilizotajwa katika kitabu cha pikipiki husika na ijulikane nani anailipia, na katika kila badiliko la oili la tatu au la nne kikaza cheni kifunguliwe, urefu wa fimbo uandikwe katika daftari pamoja na tarehe na kilomita, kisha kirudishwe kwa utaratibu uliokwisha kuelezwa. Fundi naye aombwe kumwonyesha mteja fimbo hiyo kabla ya kuisukuma ndani.